Nani Amtangulie Miriam

Wivu ulimla Seneta Garrett Lindqvist tangu Rais alipomteua Miriam Oakes kuwa jaji wa mahakama ya shirikisho katika jimbo lao. Walisoma sheria darasa moja, na Miriam alimshinda kila mtihani. Sasa alikuwa anapewa kiti ambacho Garrett alikitamani tangu ujana wake, kabla siasa haijamteka.

Kwa desturi ya Seneti, jaji hapiti mpaka maseneta wote wawili wa jimbo lake warudishe karatasi ya buluu ya kumkubali. Garrett aliikalia yake. Kwa waandishi wa habari alisema, "Huyu mama ni wa chama cha wapinzani wetu." Moyoni alisema mengine.

Seneta mwenzake wa jimbo, Ruthanne Pell wa chama hicho cha wapinzani, akamvamia ofisini.

"Garrett, acha roho ya korosho! Viti vya ujaji viko viwili. Mpitishe Miriam wangu, nami nikupitishie kijana wako Thayer."

"Wangu atangulie."

"Atangulie wapi?"

"Kupigiwa kura. Mahakamani mkubwa ni aliyetangulia kazini. Huyo Miriam amwamkie Thayer!"

Ruthanne akaangua kicheko. "Makubwa haya! Haya, chukua. Tia sahihi kabla sijabadili mawazo."

Garrett akatia sahihi karatasi yake ya buluu. Seneti ikampitisha Thayer asubuhi, Miriam alasiri, na Garrett akazipita korido za Bunge kifua mbele.

Furaha yake haikumaliza wiki. Ruthanne akampigia simu.

"Umesikia? Rais kazisaini hati zao za ujaji zote mbili siku moja."

"Kwa hiyo?"

"Mwanasheria gani wewe? Ukubwa huhesabiwa kwa tarehe ya hati, si ya kura; tarehe zikilingana, mkubwa ni mwenye umri mkubwa. Kijana wako ana miaka mingapi vile?"

Garrett akakata simu. Alimchagua Thayer akiwa kijana kwa makusudi, chama kipate kukishika kiti kile miaka na miaka. Ujana huohuo ndio uliomponza.

Siku ya kiapo Miriam aliingia mbele, Thayer akamfuata nyuma kama mpambe. Baadaye Miriam akamjia Garrett, mikono wazi.

"Garrett! Bila wewe nisingefika hapa. Ahsante sana, ndugu yangu."

Garrett akaupokea mkono, meno nje, macho kwenye joho jeusi. Lilimkaa Miriam vizuri mno, kana kwamba amezaliwa nalo. Akaomba udhuru, akatoka kabla picha hazijapigwa.