Mashamba Themanini na Matano

Wakulima wa Sfax husema kisima cha chumvi hutoa mafuta ya zeituni machungu. Rafika Ghorbel, mwanafunzi wa chuo kikuu, alitaka kujua kama ni kweli au ni maneno tu. Akapima mashamba ishirini, chumvi ya maji na uchungu wa mafuta, na uwiano wa vitu hivyo viwili ukatoka nukta mbili nane. Mwalimu aliyemsimamia akautazama akasema huenda ni bahati nasibu tu, heri atafute mada nyingine.

Alikwenda kumlilia shoga yake Naziha, aliyefundisha takwimu.

"Kabla hujaanza, ulipiga hesabu unahitaji mashamba mangapi?"

Rafika akatikisa kichwa.

"Ndipo hapo. Uwiano wa sifuri ni vitu visivyojuana. Wa moja, vinakwenda pamoja kama mtu na kivuli chake. Tuseme wako ni nukta tatu kweli. Kwa mashamba ishirini utauona mara moja katika nne. Mara tatu unarudi mikono mitupu, na jambo lipo."

"Kwa hiyo sikuambiwa halipo?"

"Hukuambiwa kitu, mwenzangu."

Wakakaa kwenye kompyuta. Ili auone mara nane katika kumi, alihitaji mashamba themanini na matano. Rafika akauliza kama hakuna njia ya mkato.

"Ukidai uwiano ni nukta tano, ishirini na tisa yanatosha. Lakini utakuwa unajidanganya mwenyewe. Na yale ishirini yaweke kando. Ndiyo yaliyokupa wazo, yasijitolee ushahidi."

Rafika akaenda kwa ami yake Lamjed, mwenye kinu cha kukamulia mafuta, ambaye wakulima waliomletea zeituni walipita mia tatu.

"Mimi naonja kijiko kimoja, najua pipa zima," mzee akasema. "Wewe themanini na matano ya nini?"

"Pipa umeshalikoroga, Ami. Sfax nzima nani kaikoroga?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akaanza kumtajia wakulima wazuri, lakini Rafika akakataa, akaandika majina yote kwenye vikaratasi na kuvichanganya ndani ya sufuria ya kuskusi, kisha akaanza kuvitoa kimoja kimoja. Cha saba kikatoka Kacem Chaabouni.

"Rudisha hicho. Mwaka wa nane huu hatusalimiani. Zeituni zake zinaletwa na mwanawe."

"Nikirudisha hicho, nitarudisha na kingine."

Ami Lamjed akanung'unika, lakini siku ilipofika akaendesha gari mwenyewe. Kacem alisimama mlangoni.

"Umekuja kunipima maji, Lamjed?"

"Nimekuja kumleta mtoto wa marehemu ndugu yangu. Yeye ndiye anayepima."

Rafika alipotoka kisimani aliwakuta wazee wawili wanakula mkate kwa harisa ya pilipili, wakilumbana juu ya mvua.

Mavuno yalipokwisha, mashamba yote themanini na matano yalikuwa yamepimwa. Uwiano ukatoka nukta tatu moja, na safari hii haikuwa rahisi kuuita bahati nasibu. Mwalimu akasoma kurasa zote, akauliza maswali mawili, akatia saini.

"Nukta tatu tu?" Ami Lamjed akasema aliposikia. "Mimi ningesema tisa."

"Vitu vingine pia vinatia uchungu, Ami. Aina ya mti, siku ya kuchuma."

"Hayo nayo utayapima?"

"Mwakani," Rafika akasema, akamjazia chai.