Saa Mbili ya Chukwani

Kitu cha kwanza alichokiona Sichana kwenye karatasi ya Bi Tahiya ni nukta nyekundu iliyokaa mbali na mstari wa mwendo wa maji. Ilikuwa ya Alhamisi. Aliikumbuka, maana siku ile aliacha kandambili zake mchangani karibu na mti wa kupimia maji, pale Chukwani, akarudi akazikuta kavu.

Bi Tahiya wa chuo kikuu alikuwa akisomea mwendo wa maji ya bahari: yanajaa lini, yanakupwa lini, yanasukumwa wapi. Alitaka mtu wa kusoma mti ule kila siku, aandike kina na saa. Kazi aliipata Usi, jirani yake Sichana, naye akamwombea Sichana wapokezane zamu. "Kamaliza la saba huyu," alisema. Sichana aliishia la tano. Hakumsahihisha.

"Hii saa nane mchana," Bi Tahiya aligonga nukta. "Maji yamejaa tele, mtu kaandika nusu mita! Na Jumamosi vilevile. Usi, unaandika ukiwa kitandani?"

"Wallahi Bi Tahiya, kitanda changu hakina bahari."

Hakuna aliyecheka. Daftari halikuwa na majina, na mwenye mzaha alikuwa Usi, basi lawama zikamwangukia yeye.

Sichana alilichungulia. 2:00. Mkono wake. Usi alinakili saa ya simu. Yeye aliandika kama watu wanavyosema. Saa mbili asubuhi, akaandika mbili. Bi Tahiya kaisoma kwa saa ya simu, ikawa saa nane. Na kwa saa sita, bahari iliyokupwa huwa imeshajaa.

Alilijua palepale. Lakini kulisema kungefichua na lile la kuishia la tano, mbele ya msomi yule. Akainama, akasokota ncha ya mtandio wake. Usi akaambiwa asirudi.

Tangu hapo Sichana aliandika kwa saa ya simu. Nukta zikakaa kwenye mstari. Bi Tahiya akamsifu, na kila sifa ilimchoma.

Miezi minne baadaye alimkuta Usi Forodhani, anakamua miwa.

"Karibu mtaalamu! Bahari inajaa au inakupwa?"

"Inajaa."

Akampa bilauri, anacheka. Sichana aliishika tu, hakunywa.

"Zile mbili nliandika mimi, Usi," alisema. "Na nlijua siku ileile."