Mchanga wa Mkaguzi

Nyundo ilipita juu kidogo ya sikio la paka, ikagonga mlango wa kabati na kuacha tundu la kupitisha ngumi.

Aliyeirusha ni shemeji yangu, mume wa dada, fundi muashi mwenye viganja kama mabeleshi. Aliyerushiwa ni Mkaguzi, paka dume wa kijivu, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna mfuko ulioingia nyumbani kwetu bila yeye kuuchungulia. Na kisa chenyewe ni buti la kazini la shemeji, la kushoto, lililokuwa na mkojo ndani. Shemeji aligundua baada ya kulivaa.

"Mara ya tatu wiki hii," alisema, soksi ikichuruzika. Hakupaza sauti. Shemeji akipiga kelele unaweza kuendelea kunywa chai yako. Akishusha sauti, tafuta mlango. "Nisikilizeni nyote wawili. Tone moja tena nje ya beseni lake, namtupa dirishani. Na hii ni ghorofa ya tano."

"Paka huangukia miguu," nikasema.

"Na wewe huangukia nini?"

Dada alikuwa kwenye cherehani yake, anashona sare za watoto wa shule. Hakuinua macho. "Ukimtupa, mume wangu, utashuka ngazi kwenda kumwokota, na hutazipanda tena." Akakata uzi kwa meno.

Hapo hapakuwa na mzaha. Mwaka jana shemeji alimvunja mbavu mbili msimamizi aliyemwambia ukuta wake umepinda. Ukuta ulikuwa umepinda kweli, ila hilo halikuzisaidia mbavu. Dada naye alimlea Mkaguzi tangu akiwa saizi ya soksi, akimdondoshea maziwa kwa kitambaa, na akishasema jambo huwa harudii. Nikaona wazi kwamba paka akiteleza mara moja tu, nyumba nzima itateleza naye. Na kwa kuwa mimi nilikuwa nimemaliza sekondari na bado nasubiri kazi inifuate kitandani, uhai wa paka nikaachiwa mimi.

Tatizo lilikuwa beseni. Tulikuwa tunalijaza mchanga wa ujenzi, aliouleta shemeji mwenyewe. Mkojo ulizama hadi chini, ukakaa huko, ukachacha. Ungekuwa ni wewe, ungechagua buti pia.

Nikaenda duka la dawa za mifugo. Muuzaji alikuwa mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Paka wetu anakojoa kwenye kiatu," nikamwambia.

"Kiatu cha nani?"

"Cha mtu mwenye hasira."

Akaniangalia kwanza, kisha akainama chini ya meza na kuibuka na mfuko. "Mchanga wa kuganda. Ni udongo wa mfinyanzi uliokaushwa na kusagwa." Akamimina kidogo kwenye kifuniko cha kopo, akadondoshea maji ya kunywa, akasubiri kidogo, kisha akaingiza kijiko na kuinua bonge zima kama yai. Kilichobaki kwenye kifuniko kilikuwa kikavu. "Unachota bonge, uchafu wote umeondoka nalo."

Nikanyoosha mkono kuchukua mfuko mwingine uliokuwa kando ya ule, wenye picha ya maua. Akanipiga kibao cha vidole.

"Huo wa manukato ni kwa pua yako wewe. Yeye ataukimbia. Chukua usio na harufu, wenye chembe laini, nyayo zake zitaupenda. Mimina kina cha vidole vinne. Ukiubania, bonge litashika chini kama ukoko. Chota asubuhi na jioni. Na ole wako uyatupe mabonge chooni, bomba litaziba mpaka kwa jirani."

Shemeji alipouona mfuko alikaa chini kwanza.

"Udongo," akasema. "Shemeji yangu umenunua udongo. Miaka kumi na saba naubeba kichwani, sijaona mtu akiutia kwenye mfuko wenye zipu."

Mkaguzi hakusubiri maoni. Aliukagua mfuko, akalikagua beseni, akaingia, akafukua, akachutama kwa uso wa hakimu anayesoma hukumu. Akafukia, akaondoka zake. Nilichota bonge nikampelekea shemeji kwenye kijiko chenye matundu, kama mhudumu wa hoteli. Nilitegemea kofi. Badala yake aliinama, akalibonyeza kwa mpini wa mwiko wake wa kupigia lipu.

"Limeshika," akasema. "Limeshika vizuri kabisa."

Tangu siku hiyo kila asubuhi alipita kwenye beseni kabla ya kwenda kazini. Mabonge mawili, siku nyingine matatu. Wiki tatu mabuti yakakaa makavu, na kabati halikuongezewa tundu.

Kisha mfuko ukaisha. Dada aliniambia Jumatano, nikasema kesho. Ijumaa nikasema kesho. Jumamosi asubuhi nilikuwa bado nimelala fofofo, na shemeji akalikuta beseni lina kina cha kidole kimoja.

Angeniamsha kwa teke, na lingekuwa teke la haki. Lakini siku hiyo alitaka kusaidia. Kibarazani alikuwa na nusu mfuko wa saruji. Akafikiri kifundi: hii ya kijivu, na hii ya kijivu. Hii ikilowa inashika, na hii ikilowa inashika. Akaichekecha kwa chekeche la waya ili isimkwaruze paka, akaichanganya moja kwa mbili na mchanga uliobaki, akaisawazisha kwa mwiko mpaka ikawa kama sakafu ya benki.

Mimi niliamshwa na ukelele. Nilipofika sebuleni pazia lilikuwa linashuka na fimbo yake, na Mkaguzi yumo ndani yake. Alichomoka, akapiga ukuta, akapiga cherehani, akaanguka chali huku anajing'ata miguu. Kila alipokanyaga aliacha alama ya uji wa kijivu, na ndani ya uji mlikuwa na damu. Alikuwa amekojoa, akafukia kama kawaida yake, saruji mbichi ikamwingia katikati ya vidole, ikaanza kumla.

"Umemwekea nini?" nikauliza.

"Saruji," shemeji akasema. "Kidogo tu. Si inaganda?"

"Na wewe kazini unavaa glavu za nini?"

Ningeishia hapo. Lakini Mungu alinipa ulimi akasahau breki. "Shemeji, wewe ni mjinga wa ghorofa tano, na bado unajengwa."

Sikuiona ngumi. Nilisikia tu meno yangu yakibadilishana viti, kisha ladha ya chuma. Nikamvaa tumboni kwa kichwa. Tukaivunja meza ya kupigia pasi, tukaenda chini pamoja, na viganja vyake vikanizunguka shingo. Alikuwa hanitazami hata mimi. Alikuwa anamtazama paka kwa macho yaliyotoka, huku ananikaba, kama mtu aliyeshika kitu cha karibu asianguke. Dari ikaanza kuwa nyeusi pembeni.

Dada akampiga na rula yake ya mbao ya kupimia vitambaa, ya mita nzima. Mara ya kwanza ilitua sikioni na kukatika. Mara ya pili alimpiga kwa kipande kilichobaki, kwenye kifundo cha mkono, nami nikavuta pumzi.

"Mnauana, na paka anaungua," akasema. "Mleteni bafuni."

Mimi nilifungua bomba. Shemeji akamshika. Niseme ukweli, kumwosha paka aliyeungua ni sawa na kukumbatia msumeno unaozunguka. Mkaguzi alimchana kutoka kwenye nyusi hadi kidevuni, akamng'ata kidole gumba, akabaki hapohapo anatafuna.

"Mshike," dada akasema, akisugua katikati ya vidole.

"Nimemshika."

"Asilambe."

"Atalambaje na mimi nimo mdomoni mwake? Amefika mfupani."

"Mshike hivyohivyo."

Hakumwachia. Maji yalitoka ya kijivu, yakatoka mekundu, yakatoka ya kijivu tena, na yule mvunja mbavu za watu akawa ananong'ona, "Samahani bosi, samahani bosi," kwa sauti ambayo msimamizi wake hakuwahi kuipata. Tulimwosha hadi vidole vyetu vikakunjamana.

Kwa daktari wa mifugo palikuwa na foleni. Tulikaa kwenye benchi, Mkaguzi amefungwa taulo mapajani kwa shemeji, sisi wote tumelowa kama tumeopolewa kisimani. Daktari alitoka, akamfunua mdomo, akamtazama unyayo mmoja baada ya mwingine.

"Atapona," akasema. "Maji ndiyo yaliyomwokoa. Ila kwa wiki mbili msimwekee mchanga wowote, chaneni karatasi laini. Na mjiandae. Beseni kwake sasa ni maumivu. Atakojoa popote atakapojisikia salama, na mkimpiga kwa hilo hatarudi kwenye beseni maisha yake yote."

Akaingia ndani kumalizana na mgonjwa aliyetangulia. Dada akamgeukia shemeji. La kwake alikuwa ameshalisema siku ile kwenye cherehani. Mimi nilijisogeza hadi ukingo wa benchi.

Ndipo Mkaguzi alipotulia, akafumba macho, na doa likaanza kutambaa kwenye suruali ya shemeji. Lilishuka paja zima, likafika gotini, likadondokea kwenye buti.

Mkono wa shemeji ukainuka, ule wenye gumba lililotobolewa. Dada akakamata ukingo wa benchi. Mkono ukakaa hewani, ukashuka, ukavuta pembe ya taulo ukamfunika paka mgongo.

Jamaa mmoja mwenye mbwa, upande wa pili, akacheka.

"Unacheka nini?" shemeji akamuuliza, taratibu, bila kuinuka.

"Hapana, kaka, nimeona tu..."

"Cheka tena."

Jamaa akamshika mbwa wake wakaenda kusubiri juani. Mimi nilikuwa na jino linalocheza na kicheko kimenijaa hadi kooni, basi nikageukia bango la minyoo ukutani, nikalisoma lote, nikaanza upya.