Barafu Yapata Ajira ya Kudumu

Saa nane na dakika kumi mchana, siku ya Jumanne, Fundi Tong Yushan alikuwa juu ya mashine ya kulainisha barafu, akizunguka uwanja wa ndani wa kuteleza kwenye barafu wa chuo kikuu, wakati Mkurugenzi Miao aliposimama ukingoni na karatasi mkononi. Fundi Tong alimaliza mzunguko wake kwanza. Barafu haipendi kuachwa nusu.

"Fundi, Ijumaa unatimiza sitini," alisema Mkurugenzi. "Na mkataba wako wa muda unaisha siku hiyohiyo. Hongera."

"Na lile ombi langu la ajira ya kudumu?"

"Limepungukiwa picha."

Hilo lilikuwa ombi la kumi na mbili. La kumi na moja lilikosa muhuri. La kumi lilikuwa nao, ila wa bluu. Kwa miaka ishirini na miwili Fundi Tong alikuwa kibarua wa muda katika uwanja huo, na alitaka kitu kimoja tu kabla ya kustaafu: kuandikwa mfanyakazi wa kudumu, hata kwa siku moja, asije akaondoka kama mpita njia aliyeingia kuota joto. Ijumaa alikabidhi funguo, akapanda basi, akaenda zake nyumbani akiwa amenuna.

Jumamosi asubuhi barafu haikuwepo uwanjani.

Ilikuwa kwake, ghorofa ya nne. Ilijaa sebuleni, ikaingia jikoni, ikashuka ngazi hadi ghorofa ya pili, mistari yake myekundu na ya bluu ikiwa imenyooka vilevile. Mlinzi wa lango la chuo alieleza kwamba aliiona ikitoka saa kumi na mbili kasorobo. Hakuisimamisha, kwa kuwa kazi yake ni kukagua vitambulisho vya wanaoingia. Basi lilikataa kuipakia kwa sababu ya maji, ikaja kwa miguu.

"Si ingepiga simu kwanza?" alisema Bi Guilan, mkewe, akivaa buti za manyoya ili akapike chai. "Na wewe mzee, mambo ya kazini utaleta nyumbani mpaka lini?"

"Nimestaafu mimi. Iulize yenyewe."

Bi Guilan hakuiuliza. Alipanga juu yake jiaozi mia mbili, vile vifuko vya unga vilivyojazwa nyama na kabichi, zigande vizuri, na jirani wa ghorofa ya tatu akaomba nafasi ya samaki wake wawili. Adhuhuri ikaja timu ya wasichana wa chuo ya mpira wa magongo wa barafuni, maana walikuwa na mechi Alhamisi, wakafanya mazoezi kati ya friji na kitanda. Goli lilikuwa mlango wa choo. Aliyebanwa alisubiri mapumziko.

Jioni alifika Mkurugenzi Miao na daftari la mali.

"Fundi, barafu hii ni ya chuo."

"Ichukue basi. Nani kakushika mkono?"

Mkurugenzi aliiamuru irudi. Ikatulia. Akampigia Makamu Mkuu wa Chuo, akaiwekea simu isikie sauti yake, ikatulia zaidi. Ndipo Fundi Tong alipovaa kofia na kutembea hadi chuoni, barafu ikimfuata nyuma, ikisimama kwenye taa nyekundu. Ilijilaza uwanjani. Fundi alipogeuka aondoke, nayo ikainuka.

Jumatatu kikaitishwa kikao. Wakubwa walikubaliana kwamba anayeondoka ovyo hivyo hana kinachomfunga na taasisi, na kwamba mwaka huo ilibaki nafasi moja ya ajira ya kudumu. Bi Guilan alisikia, akampigia mumewe pasi shati jeupe. Fundi Tong alipiga picha nne, akatafuta muhuri mwekundu, akaketi nje ya mlango wa ofisi.

Nafasi ilipewa barafu.

"Usinifikirie vibaya, mzee wangu," alisema Mkurugenzi Miao, na kwa kweli alikuwa na huzuni. "Kanuni haziruhusu kumwajiri aliyetimiza sitini. Barafu ina miaka ishirini na miwili tu. Afya safi, nyuzi tano chini ya sifuri. Na mtihani wa maandishi imefaulu."

"Iliandika nini?"

"Haikuandika kitu. Watahiniwa wenzake waliandika makosa."

"Na mimi je?"

"Wewe utakuwa msaidizi wake. Wa muda. Mwezi mmoja mmoja."

Fundi Tong alitaka kukataa, tena kwa matusi. Akaitazama barafu, iliyokuwa imemfuata hadi pale ofisini. Karibu na goli wasichana walikuwa wameichimbua vibaya, na hakuna mwingine pale aliyejua kuiziba. Roho ilimuuma, akasaini.

Wafanyakazi wa kudumu huingia kazini kwa kubonyeza kidole kwenye kifaa cha ukutani. Barafu haina kidole. Idara ya Utumishi ilitafakari siku mbili, kisha ikasajili dole gumba la Fundi Tong kwa jina la barafu. Kwa hiyo kila siku, saa moja na nusu asubuhi, yeye hulibonyeza pale.

"Karibu, mfanyakazi wa kudumu," kifaa husema kwa sauti nyororo ya kike.

Fundi Tong huvua kofia, hushukuru. Halafu huzunguka nyuma hadi kibanda cha mlinzi, akasaini jina lake kwenye daftari la vibarua, kwa penseli.