Mshenga wa Shahada Yangu

Jana usingizi ulinipitia na viatu miguuni, nikaota nimeitwa chuoni kutetea shahada niliyojitungia mwenyewe: ufugaji wa nyuki, sheria ya ardhi na ngoma za kwetu. Nilitaka kuusomea msitu wetu kabla haujaisha. Jopo likikataa, narudi kwenye uhasibu, anakotaka Shangazi Rukaya aliyenilea.

Mwenyekiti wa jopo ni mbuzi ya kukunia nazi, kavaa miwani. Hilo halikunishtua. Nilichotilia shaka ni upole wake.

"Shikamoo," nasema.

"Marahaba, Salha. Kanuni yetu moja tu: masomo yashikamane."

Mlango unafunguka, masomo yanaingia yameshikana mikono. Nyuki ananuka moshi. Sheria ana jiwe la mpaka kwapani. Ngoma hatulii. Nyuma yao yuko wa nne, kajifunika ushungi hadi puani, kaung'ang'ania mkono wa Ngoma.

"Huyu nani?" nauliza.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," anajibu Sheria bila kunitazama.

Hapo nikajua kuna jambo. Sheria si mtu wa kukaribisha wageni bure.

Mara ukumbi umekuwa jiko la nyumbani, na mwenyekiti anakuna nazi huku ananihoji.

"Uliposa wangapi?"

"Watatu."

"Wamefika wanne. Mshenga wako nani?"

Kwetu mtu hajiposei, kwa hiyo ndotoni humo nilikuwa nimemtuma Shangazi. Kumbe mshenga naye alikuwa na mchumba wake wa kunipachika.

"Asiyeposwa atoke," anasema mwenyekiti, "au shahada iwe yake."

Naushika ushungi, nauvuta. Nilitegemea kumwona Uhasibu. Ni Shangazi mwenyewe.

"Nyuki watakulipia kodi ya nyumba?" ananiuliza taratibu.

"Sijui, Shangazi. Lakini naomba uuachie mkono wa Ngoma."

Anauachia. Masomo hayakuanguka. Shangazi akabaki kichwa wazi mbele ya jopo zima, nami nikaona haya mpaka nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Nilikaa kitandani nikijipa moyo, maana habari za nyuki nilikuwa bado sijathubutu kumgusia Shangazi. Simu ikalia, ujumbe wa Shangazi:

"Haya, kasome hao nyuki wako. Lakini ushungi ungeniachia, Salha, mbele ya watu wote wale."