Dakika Kumi za Tansy

Jumanne, tarehe kumi na nne Machi, ndipo mambo yalipomwendea mrama Desmond Quested, akiwa ndani ya gari lake kwenye dirisha la ukaguzi wa feri, bandarini Calais.

"Mzee, wewe pita. Mbwa hapiti," alisema Maëlle, binti wa dirishani.

"Kwa kosa gani? Amekung'ata?"

"Lazima awe amekunywa dawa ya minyoo si chini ya saa ishirini na nne kabla ya kufika Uingereza. Daktari kaandika alimpa jana, saa tano na dakika arobaini. Feri inafika Dover saa tano na nusu. Zimepungua dakika kumi."

Desmond alitazama saa yake ya mkononi. Bado ilikuwa inafuata majira ya kwao Uingereza. Kuibadilisha ilikuwa kazi ya marehemu mkewe, Eileen, pamoja na makaratasi yote. Hata Tansy alikuwa mbwa wa Eileen. Kesho asubuhi jiwe la kaburi la Eileen lilikuwa linasimikwa kule Deal, mji wao wa Uingereza, na feri nyingine yenye nafasi ya mbwa ilikuwa ya Alhamisi.

Bastien, mfanyakazi wa siku nyingi, akachungulia karatasi. "We Maëlle, daktari si wa hapa hapa? Hiyo saa tano na nusu ni ya Dover, na saa yetu iko mbele ya yao kwa saa moja. Hizo zimezidi dakika hamsini!"

"Mkubwa kasema tufuate kilichoandikwa."

"Mkubwa mwenyewe yuko wapi?"

"Kikaoni."

"Vikao tu!" Desmond akafoka. "Wamekaa kwenye viti laini wanaigawa bahari, huku saa hii, kule saa ile, na anayebanwa ni mimi. Mbwa havai saa, jamani!"

Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. Desmond akahesabu kwa vidole. Hiyo saa moja, unaongeza au unatoa? Mara Tansy amezidi, mara amepungua, mara ya tatu vidole vyenyewe havikutosha. Kichwa kikamzunguka kama pia.

Bastien akapiga simu Dover. Wakamjibu: hilo ni la Calais. Maëlle akapiga ofisi kuu. Wakamjibu: hilo ni la Dover. Kipaza sauti kikatangaza kuwa lango linafungwa baada ya dakika tano.

"Amua, babu," Maëlle akasema kwa upole. "Unamwacha?"

"Nimwache, halafu kesho nisimame pale kaburini na nani?"

Desmond akamshika Tansy ukosi, akatoa kichwa dirishani.

"Basi nielezeni kama mtoto: huyu anahesabiwa kwa saa ya nani?"