Mitungo Sitini ya Marehemu

Gati lilikuwa na pengo la mbao mbili, na kila alipoliruka yule mgane alitukana. Mkewe alitumbukia hapo. Alikuwa amelalamika ofisini mara tatu, na mara zote tatu msimamizi wa shamba la chaza alimjibu, "Wiki ijayo, mama." Wiki ijayo ikawa mazishi. Tangu hapo watu wakamwita msimamizi Bwana Wiki Ijayo.

Sasa alisimama mlangoni pa banda, shati limepigwa pasi.

"Mzee, kesho wageni wanakuja. Mitungo yote iingie majini leo."

Mgane hakuinua kichwa. Mbele yake ilikuwepo mitungo sitini ya magamba makavu, kila gamba limetobolewa na mkono wa marehemu. Ndiyo aliyoachiwa. Chaza wachanga, wadogo kuliko punje ya chumvi, huelea majini wakitafuta pa kunata. Wakikuta gamba safi, shamba limepata mbegu ya mwaka. Wakikuta gamba lililolala majini likaota utelezi, wanapita zao.

"Hawajafika," alisema.

"Nani kakwambia?"

"Gamba."

Akavuta kamba iliyoning'inia chini ya gati, gamba moja tu mwishoni. Marehemu alilipitishia dole gumba kila asubuhi. Siku likikwaruza kama msasa, mitungo yote inashuka siku hiyohiyo. Leo lilikuwa laini kama sahani.

"Ratiba inasema leo."

"Basi ning'iniza ratiba."

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyekuwa akifunga maboya, aliangua kicheko, kisha akanong'ona, "Shemeji, utafukuzwa kazi."

"Wanifukuze. Dada yako walishamfukuza duniani kabisa."

Mitungo mia tatu ya ofisi ikashushwa. Wageni walipiga picha, wakala biskuti, wakaenda zao. Mgane alifungia sitini yake bandani, ufunguo mfukoni. Asubuhi ya kumi na saba gamba likamkwaruza dole. Yeye na shemeji waliishusha yote kabla jua halijawa kali.

Mwezi ulipopita, msimamizi aliivuta mitungo yake. Ute wa kijani na minyoo. Chaza hakuna hata wa dawa. Na wakubwa walikuwa wakisubiri ripoti. Akaja kwenye ile sitini, akainua mmoja. Vichaza vimejaa tele kama vipele.

"Tumefanikiwa, mzee!" alisema, simu mkononi. "Shika hapo nipige picha."

"Tume?" Mgane alimpokonya mtungo, akaurudisha majini polepole, asiumize hata kichaza kimoja. Akaingia bandani, akatoka na nyundo na mbao mbili. "Picha utapata. Kwanza ziba lile pengo."

"Fundi atakuja wiki..."

"Malizia! Si ulimwambia mara tatu? Malizia!"

Msimamizi alitazama simu, akatazama maji, akavua saa, akapiga magoti. Misumari mitatu ilipinda. Mgane alimsimamia mpaka wa mwisho, wala hakumpa asante.

Msimamizi alipoondoka, mgane alifika kwenye mbao mpya, akaruka kama kawaida, akatukana.